Nani Anadaiwa Kazi ya Malisho ya Wote? Magugu, Moto na Ardhi ya Minembwe

Malisho ya Minembwe yako kwenye nyanda za juu za Fizi, Kivu Kusini, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika milima iliyo magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Wakati wa mvua nyasi hutosha na ng'ombe hubaki karibu na makazi. Kuanzia Juni, kiangazi kinapokausha miteremko, mifugo huteremshwa kuelekea Lulenge, Ngandja na kingo za misitu ya Itombwe, kisha hupandishwa tena mvua zinaporejea, yapata Septemba. Mzunguko huo una kazi zake: kuchoma nyasi zilizokauka, kufyeka vichaka, kuacha baadhi ya vilima vipumzike, kupambana na mimea ambayo ng'ombe hawaili, au inayowadhuru wakiila. Ni kazi nzito, na hufanywa juu ya ardhi ambayo wengi wa wanaoifanya hawana hati yake. Kwa hiyo, kabla ya kuwa suala la panga na kiberiti, ni suala la wajibu: nani anadaiwa kuitunza ardhi ya wote, na anayemdai ni nani?

Sheria ya Kongo imelijibu swali hilo nusu. Amri ya tarehe 1 Julai 1885, katika dola ya Leopold wa Pili, ilitangaza kwamba ardhi zisizo na watu ni mali ya dola. Kwa mfugaji maneno hayo yalikuwa hatari tangu mwanzo, maana mlima unaopumzishwa ili nyasi zirudi huonekana mtupu machoni pa karani, na shamba lililolazwa miaka mitatu vilevile. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilikwenda mbali zaidi. Udongo wote ukawa mali ya Dola, mali isiyouzika, isiyopotea hata miaka ikipita mingi kiasi gani, na raia akabakiwa na haki ya kuutumia tu. Ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini ziliingizwa humo humo, na ikaahidiwa kwamba amri ya rais ingekuja kueleza haki za jamii hizo. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Ndiyo maana mlima mmoja unaweza kuwa wa Dola kwenye makaratasi, wa chifu kwa mila na wa mfugaji kwa mazoea, wote kwa wakati mmoja. Hata mipaka ya utawala imebishaniwa: wilaya ya Minembwe iliyoundwa na waasi wa RCD mwaka 1999 haikudumu, na komini ya Minembwe ilipozinduliwa Septemba 2020 zilizuka hasira nchi nzima, hadi Rais Félix Tshisekedi akatangaza mwezi uliofuata kuubatilisha mpango huo.

Mmea unaoonyesha vizuri kuliko mingine ugumu wa kutunza ardhi ya namna hii ni kangaga ya milimani, Pteridium aquilinum. Katika milima ya Kivu na nchi jirani huenea pale msitu ulipofyekwa, udongo ukachachuka, na moto ukapita mara kwa mara. Majani yake yanayoonekana ni sehemu ndogo ya mmea. Uhai wake umo katika mashina yanayotambaa chini ya ardhi, mahali ambapo moto wa nyasi hauwezi kufika. Mfugaji anapowasha moto mwishoni mwa kiangazi ili nyasi changa zichipue, huunguza pia washindani wa kangaga, na wiki chache baadaye vichipukizi vyake vilivyojikunja hutokeza kwenye majivu vikiwa na nafasi kuliko hapo awali. Moto uliokusudiwa kuwa dawa hugeuka chakula cha ugonjwa.

Madhara yake kwa mifugo ni makubwa. Ng'ombe aliyeshiba hupita kando ya kangaga. Mwenye njaa huila, na njaa huja kiangazi. Sumu yake, iitwayo ptakwilosaidi, huharibu kibofu cha mkojo, na ng'ombe aliyeila kwa miaka huanza kukojoa damu, kisha hupata uvimbe wa saratani. Sumu hiyo hupita pia kwenye maziwa. Katika nchi ambayo maziwa ni chakula cha mtoto, mahari huhesabiwa kwa ng'ombe na ada ya shule hupatikana kwa kuuza ndama, jambo hilo haliwezi kuachiwa wataalamu wa mimea peke yao.

Njia ya kupunguza kangaga inajulikana, nayo ni ya uvumilivu. Majani hukatwa yakishafunguka, wakati mmea umekwisha kutumia akiba yake ya chini lakini haujairudisha. Yakiota tena hukatwa tena, mara mbili au zaidi kwa mwaka, na hivyo kwa miaka kadhaa mfululizo mpaka akiba iishe. Kwato za ng'ombe wengi zikipita mahali pamoja huvunja vichipukizi na kusaidia, mradi wanyama wawe wameshiba. Atakayekata mwaka mmoja na kuacha, amejichosha bure. Kazi hii inamtaka mtu awe na uhakika wa kurudi kwenye mlima ule ule mwaka ujao na mwaka wa baada yake. Uhakika huo ndio uliopotea Minembwe. Tangu 2017, na kwa ukali zaidi tangu 2019, mapigano ya makundi yenye silaha yamechoma vijiji vya jamii zote, yameteketeza na kupora makundi ya ng'ombe, na kuwasonga waliohama makwao kwenye vituo vichache ambako malisho hukanyagwa bila kupumzika. Mlima uliokimbiwa huachiwa vichaka. Mlima wa kukimbilia huliwa hadi udongo.

Hapa linaingia swali la pili: je, mmea una hatia? Lugha ya kupambana na magugu ni lugha ya vita. Husema juu ya wavamizi, wageni, kung'oa na kuteketeza. Kwa mimea yenyewe lugha hiyo haina hata usahihi. Mahindi, maharage, viazi na muhogo, vinavyowalisha wakulima na wafugaji wa Fizi, asili yake ni bara la Amerika. Tithonia yenye maua ya njano iliyojaa kando ya barabara za Kivu ilitoka Meksiko, na majani yake ni mbolea nzuri. Lantana, ambayo huziba malisho ya mabondeni na kuwadhuru ng'ombe ini, nayo ilitoka Amerika ikiwa ua la bustani. Kangaga, ambayo ni adui wa malisho ya juu, ni mzaliwa wa milima hii tangu kabla ya ng'ombe wa kwanza kufika. Basi asili ya mmea haisemi lolote juu ya thamani yake. Mmea hupimwa kwa kazi yake mahali ulipo, na mara nyingi wingi wake ni ushahidi dhidi ya waliotumia ardhi vibaya kuliko dhidi ya mmea.

Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi katika Fizi kuliko mahali pengine, kwa sababu hoja ya nani alitangulia na nani alikuja imegharimu maisha ya watu huko. Mfano wa magugu katika Mathayo 13 hufundishwa karibu katika kila kanisa la nyanda za juu, la Kipentekoste na la Kimethodisti. Watumwa wanataka kwenda kung'oa magugu yaliyoota katikati ya ngano, bwana wao anawazuia, kwa kuwa mizizi imeshikana na mikono yao haitajua kutenganisha. Hukumu inaahirishwa hadi mavuno, na wavunaji si watumwa wale. Augustino wa Hippo, alipobishana na Wadonatisti, Wakristo waliojitenga wa Afrika Kaskazini, aliutumia mfano huo kuonyesha kwamba wema na wabaya wataishi pamoja hadi mwisho. Hata hivyo baadaye alikubali nguvu ya dola itumike dhidi ya Wadonatisti hao, na mgongano huo katika maisha ya mwalimu mkubwa kiasi kile unapaswa kuwatia wahubiri hofu. Mfano wenyewe haumkatazi mfugaji kufyeka kangaga. Unachokataza ni kuhamisha panga kutoka kwa mmea kwenda kwa mtu, kwa sababu mmea unaweza kujulikana kwa jani lake, na mtu hajulikani hivyo.

Kuhusu anayedai kazi, mapokeo ya dini yanayojulikana pande hizi yanakubaliana kuliko inavyodhaniwa. Mambo ya Walawi 25 hufundisha kwamba ardhi ni ya Mungu, na wanaoishi juu yake ni wageni na wapangaji kwake. Ndiyo sababu kila mwaka wa saba ardhi ipumzishwe. Katika Uislamu, ambao uko kwenye miji ya ziwani kama Baraka tangu enzi za misafara ya karne ya 19, Hadithi ya Mtume huhesabu maji, malisho na moto kuwa vitu ambavyo watu ni washirika ndani yake. Lakini ushirika huo haukuachwa bila msimamizi. Khalifa Umar ibn al-Khattab alipotenga hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimwagiza msimamizi wake Hunayy amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya Abdurrahman ibn Awf na Uthman ibn Affan, matajiri wawili walioheshimiwa mno. Hoja yake ilikuwa ya haki: mifugo ya tajiri ikifa, tajiri ana mashamba na mitende ya kurejea, ya maskini ikifa, maskini atakuja na watoto wake kudai hazina ya umma, na nyasi ni rahisi kutoa kuliko dhahabu. Kwa kipimo hicho, kazi ya malisho ya Minembwe haiwezi kugawanywa sawa kwa kila kaya. Mwenye ng'ombe 200 anaudai mlima nyasi nyingi kuliko mwenye 3, na kufyeka kwake kufuate hesabu hiyo.

Ni kweli pia kwamba kazi ya pamoja ina historia chungu nchini Kongo. Amri ya 1917 iliwaruhusu watawala wa Kibelgiji kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa hadi siku 60 kwa mwaka. Chini ya Mobutu ikaja salongo, kazi ya umma iliyosifiwa kwa nyimbo na kusimamiwa kwa vitisho. Mtu akiambiwa leo akafyeke mlima kwa faida ya wote, ana sababu ya kuuliza faida hiyo itafika kwa nani. Wajibu wa kweli hujulikana kwa kuwa anayetoa kazi anapata pia neno katika maamuzi: mlima upi upumzike, moto uwashwe lini, nani aingie na kundi la ukubwa gani.

Kuna jibu jingine linalovutia, nalo ni la hatari. John Locke, katika kitabu chake cha 1689 kuhusu serikali, alifundisha kwamba mtu akichanganya kazi yake na ardhi huifanya kuwa yake. Kwa mtazamo huo, atakayepalilia ndiye mwenyewe, na asiyepalilia amepoteza. Fikra ya jinsi hiyo ndiyo iliyofanya malisho yaliyopumzishwa yahesabiwe kuwa matupu. Ikitumiwa Minembwe leo, ingempa mlima yule aliyebaki na bunduki na kumnyima yule aliyefukuzwa, awe Munyamulenge, Mubembe, Mufuliiru au Munyindu. Kutunza ni deni la mtumiaji. Si njia ya kujipatia umiliki. Aliyekimbia hadaiwi palizi ya miaka aliyokuwa kambini, na kangaga iliyoota kwenye uwanja wa nyumba yake haifuti haki yake. Sura ile ile ya Walawi inayowaita watu wapangaji ndiyo inayoweka mwaka wa yubile, ambapo aliyepoteza urithi wake huurudia.

Mahali ambapo deni hili lingeweza kuandikwa ni katika mapatano ya kuhama kwa mifugo. Kwa desturi wafugaji huwapa machifu wa mabondeni itulo, ada ya heshima iliyokuwa zamani ikitolewa kwa ng'ombe, ili waruhusiwe kuingia kiangazi. Vita vilipoingia, watu wenye silaha nao wakaanza kudai chao. Mashirika ya Kivu Kusini, makanisa na machifu wamewahi kukutanisha wakulima na wafugaji ili wakubaliane juu ya njia za kupitisha ng'ombe, tarehe za kuingia baada ya mavuno, na fidia ya mazao yaliyoliwa. Magugu yanastahili kifungu chao humo, kwa kuwa ng'ombe hubeba mbegu tumboni na kwenye manyoya. Kundi lililolishwa penye lantana lingefungiwa siku kadhaa mahali pamoja kabla ya kupandishwa, ili mbegu ziishie hapo. Mkulima anayepata samadi shambani kwake angetoa siku za kufyeka njia ya mifugo. Mfugaji angetoa vijana wa kukata kangaga katikati ya mvua, wakati ng'ombe wako juu na kazi si nyingi. Pande zote mbili zingetembea mlimani pamoja kabla ya kiangazi kuona kilichofanyika. Mwaka wa kwanza usitumike kumlaumu mtu, maana kangaga hurudi karibu kama ilivyokuwa. Hesabu ya haki ianze mwaka wa tatu.