Kupimwa Si Kuonewa

Somo: Matendo ya Mitume 8:14–24



Mwezi uliopita, Jumamosi jioni, mzazi mmoja wa parishi yetu alinijia nyumbani na jogoo mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu. Tulipokwisha kujuliana hali, alisema haja yake: "Baba Padre, mwanangu amekosa mafundisho ya kipaimara, na Baba Askofu yu karibu kuja. Wewe muandike tu jina lake. Atajifunza mbele ya safari." Kisha akamsogeza jogoo karibu na kiti changu.

Sikukasirika. Ningekasirikaje? Maneno ya namna ile nilikwisha kuyasikia chini ya mwembe, siku niliyoanguka mtihani wa udereva, na siku ile mimi ndimi niliyetia mkono mfukoni. Leo nataka kuwasimulieni habari ile yote, kwa maana nusu yake sijawaambia bado.

Mnakumbuka kwamba parishi ilipopata pikapu yake kuukuu hatukuwa na dereva. Baraza likaamua nijifunze mimi, nami nilikuwa nimetimiza miaka 52. Nikaandikishwa katika shule ya udereva mjini, na jioni nyingi mzee mmoja wa kanisa, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu, alikaa kando yangu nikifanya mazoezi. Siku ya kwanza niliachia klachi kwa pupa, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Watoto wakashangilia. Mzee akaniambia, "Padre, gari halijui kuwa wewe ni padre."

Alinifundisha kulizunguka gari kabla ya kupanda. Alinifundisha kuondoka kilimani: vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, inua klachi polepole mpaka injini ishike, ndipo uachie breki. Ukiachia mapema, gari larudi nyuma. Nanyi mnaoijua barabara ya kushuka kutoka Amani kwenda Muheza, na kona zake wakati wa mvua, mwajua kwa nini fundisho hilo si la mchezo.

Lakini kurudi nyuma sikukupenda. Mzee alisema nifanye mara kumi kila jioni. Mimi nilifanya mara mbili, nikasema yatosha, maana nina ibada, nina misiba, nina vikao. Mzee hakubishana nami. Alisema tu, "Mtihani utakuuliza lile ulilolikimbia."

Siku ya mtihani ikafika. Katika alama za barabarani sikukosa hata moja, nikaanza kujiona. Kisha askari wa usalama barabarani aliyekuwa akitupima akaniambia nirudi nyuma niingie kati ya miti iliyosimamishwa uwanjani. Nikatazama kioo kimoja tu, shingo sikuigeuza. Nikasikia "ko!" Mti mmoja ukalala chini. Yule askari akaandika katika karatasi yake, akaniambia bila hasira, "Padre, huyo alikuwa mtoto. Njoo tena ukiwa tayari."

Nikatoka nje na aibu yangu. Chini ya mwembe alikuwapo kijana mmoja asiye na sare. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo Padre," kisha akasema, "Mtu mzima kama wewe usisumbuke. Mambo haya humalizika. Toa ya chai, jioni utakwenda na karatasi yako."

Ndugu zangu, hii ndiyo nusu niliyowaficha. Sikumkemea kijana yule. Nilimwuliza, "Kiasi gani?" Aliponitajia, nikaanza kuhesabu noti mfukoni kwa vidole, nazo zilitosha. Tena moyo wangu ulikuwa na maneno matamu ya kujitetea: wagonjwa wangoja kupelekwa hospitali, pikapu imelala bure, hii ni kazi ya Mungu. Shetani haji kwetu mapadre na maneno mabaya. Huja na maneno ya kanisani. Kilichonizuia si utakatifu wangu. Ni neno lile moja la askari: mtoto. Niliona kwamba chai ile ingeweza kunipa leseni, lakini isingeweza kuigeuza shingo yangu. Nikautoa mkono mfukoni mtupu, nikapanda basi. Jumapili niliwatangazia kuwa nimeanguka. Wengine mlicheka, na haki mlikuwa nayo.

Zamani mambo yalikuwa hivyo hata kwa sheria. Kule Uingereza sheria ya mwaka 1903 ilimtaka kila dereva awe na leseni, lakini hakuna aliyepimwa. Mtu alilipa shilingi tano akapewa. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za nchi ile, ingawa magari yao yalikuwa machache sana kuliko ya leo. Ndipo mwaka 1935 madereva wapya walipolazimishwa kupimwa. Basi mtihani huu haukutungwa ili kuwasumbua watu. Ulitungwa juu ya makaburi.

Kwa maana barabara haisomi leseni. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita kiasi cha mita 14 kila sekunde. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali linaokwenda baada ya kukanyaga breki mpaka lisimame huwa mara nne. Hayo hayabadiliki kwa sababu fulani anajuana na fulani.

Sasa tulitazame somo letu. Petro na Yohana walishuka Samaria wakawawekea mikono watu waliobatizwa, nao wakampokea Roho Mtakatifu. Kanisa letu husoma habari hii na kukumbuka kipaimara. Simoni, aliyekuwa mchawi, alipoona hayo akaleta fedha. Angalieni vema: hakuomba kitu kibaya. Alitamani kitu kitakatifu kabisa, ila alitaka kukifikia kwa njia isiyopita moyoni mwake. Fedha ilikuwa na kazi moja, kumwepusha na kupimwa. Petro akakataa, akamwonyesha kuwa moyo wake haukuwa mnyofu mbele za Mungu. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia atubu na kuomba. Yaani, kama yule askari, alimwonyesha mti ulioanguka, kisha akamwachia njia ya kurudi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupimwa si kuonewa. Anayekupima kwa haki anakuhurumia, tena anawahurumia wale ambao hukuwaona katika kioo chako. Afadhali uangushe mti uwanjani, ambapo hakuna aumiaye, kuliko kosa lako kujulikana siku ambayo halirekebishiki. Mtunga Zaburi ya 139 anamwomba Mungu mwenyewe amchunguze na kumjaribu, aone kama mna njia mbaya ndani yake. Ni sala ya mtu anayejua kuwa mgongoni pake hapaoni.

Nilirudi kwa mzee wangu. Wiki nne, kila jioni, nilirudi nyuma mara kumi kati ya fito nne tulizozichimbia nyuma ya kanisa, nikigeuza shingo kulia na kushoto mpaka ikauma. Mara ya pili nilipita. Askari yule yule alitia sahihi, akasema maneno machache: "Umepita. Uendeshe polepole."

Vibao vya herufi L vikatolewa. Lakini sheria za barabara hazikutolewa pamoja navyo. Mpaka leo, baada ya Misa, kabla ya kuwasha pikapu hulizunguka kwanza. Watoto hucheka wakisema Padre analibariki gari. Jumapili moja katika kulizunguka nilimkuta mtoto wa miaka mitatu ameketi nyuma ya gurudumu, akichezea vifuniko vya soda. Hakuna kioo ambacho kingemwonyesha. Nilimbeba nikampeleka kwa mama yake. Sikuweza kusema neno, na hata sasa ninapoandika haya mkono wangu si mwepesi. Noti zile zilikuwa zinatosha, ndugu zangu. Zilikuwa zinatosha kabisa.

Basi ninyi mnaojiandaa kwa kipaimara, msiyaone mafundisho kuwa ni kizuizi kati yenu na mikono ya Askofu. Katekista akikuuliza swali lile usilolipenda, mshukuru. Ukiona kuna amri unayoiruka kila ujichunguzapo, anzia hapo hapo; ndiyo rivasi yako. Wala msidhani kuwa siku ile ni mwisho wa kujifunza. Siku ile mwaingia barabarani.

Nasi wazazi, tuache kuwatafutia watoto wetu njia ya chini ya mwembe, shuleni, kazini, au kanisani. Tukimnunulia mtoto cheti, tumemwambia kwamba hatuamini kuwa aweza kupita. Na kama yupo aliyekwisha kununua, asikate tamaa. Simoni aliambiwa atubu. Hakuambiwa aende zake.

Yule jogoo nilimrudisha siku ile ile, na mwenyewe nilimsindikiza mpaka njia panda tukizungumza. Nilimweleza habari ya mwembe kabla ya kuwaeleza ninyi. Mtoto wake amehudhuria mafundisho Jumamosi nne sasa. Sijui kama atakuwa tayari Baba Askofu akija mwaka huu, au itambidi angoje. Vyote viwili ni vyema.

Tuombe.

Ee Mungu mwenye rehema, uijuaye mioyo yetu kabla hatujaulizwa neno: utupe saburi ya kujifunza, ujasiri wa kupimwa, na unyenyekevu wa kurudia tulipoanguka, utulinde sisi na wote tunaokutana nao njiani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi, Padre wenu.