Chagua Moja

Binti yangu alirudi likizo na karatasi ya mtihani aliyoikunja mara nne. Swali lilitaka aeleze kazi ya protini iitwayo NF-kB katika uvimbe wa utumbo. Yeye akaandika kwamba inauchochea na pia inauzuia. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Unajipinga. Chagua moja." Sifuri kati ya nne. "Mama, yaache," akaniambia. Nimeshindwa kuyaacha.

Maana ya "sababu" sitaihangaikia: ni kile ambacho kisingekuwapo, jambo lisingetokea. Na NF-kB, iliyotambuliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, ni protini inayoamsha jeni. Hukaa nje ya kiini cha seli, imeshikwa na protini nyingine kama mlinzi. Ishara ya hatari ikifika, kundi la vimeng'enya liitwalo IKK humwondoa mlinzi, nayo huingia kiinini na kuamsha jeni, zikiwamo zile zinazoita askari wa kinga. Katika utumbo wa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, hukutwa imeamka kupita kawaida. Mshtakiwa amepatikana, tufunge faili.

Ila mwaka 2007 timu ya mtafiti Manolis Pasparakis ilichapisha habari za panya walioondolewa NEMO, sehemu ya IKK, katika seli za ukuta wa utumbo peke yake. Ukuta huo una unene wa seli moja tu, na hujijenga upya kila baada ya siku chache. Kwa mantiki ya kalamu nyekundu, panya wale walipaswa kuwa salama. Wakapata uvimbe mkali wa utumbo mpana: seli za ukuta zilikufa, bakteria wakapenya, kinga ikawaka. Ukuta ambao seli zake zinakufa hivyo utazibaje ufa wake?

Nimeambiwa panya si mtu, na kwamba molekuli haina nia hata ilaumiwe. Sawa, yote mawili.

Kinachonikera ni kile ambacho jirani, kaka yangu na mwalimu mmoja mstaafu wamenijibu kwa zamu, kila mmoja akitabasamu kama aliyemaliza kesi: "Kila kitu kikizidi ni sumu." Hapana! Hiyo ni habari ya chumvi kwenye mchuzi. Panya wale hawakuumwa kwa sababu NF-kB ilizidi. Waliumwa ilipokosa kuamshwa mahali fulani. Protini ile ile, ndani ya seli za kinga, huchochea moto. Ndani ya seli za ukuta, huzikinga seli hizo zisife. Ukipima jumla yake katika utumbo mzima utapata namba, na namba hiyo haitakwambia ilikuwa upande gani wa ukuta. Tena panya hao walipoondolewa pia kipokezi cha TNF, molekuli inayopeleka ishara ya uvimbe, ugonjwa haukutokea. Basi alaumiwe TNF aliyegonga mlango, au NEMO ambayo haikuwapo kuufunga? "Kiasi" hakina hata mdomo wa kuuliza swali hilo.

Nimeona wengine wakiuita uvimbe huu "uchochezi", neno lile lile linalompeleka mtu mahakamani. Mimi hunipeleka jikoni kwa bibi. Wali ukikaribia kukauka, aliyatoa makaa chini ya sufuria kwa koleo, akayapanga juu ya mfuniko, akapalia. Makaa ni yale yale, kwa hesabu ile ile. Yangebaki chini, tungekula ukoko mweusi. Juu ya mfuniko, kila punje ilisimama peke yake. Nilipomwuliza kama makaa huunguza au huivisha, aliniuliza yako wapi.

Ningeishia hapo nikishangilia, lakini kuna panya wengine, wa mwaka 2004. Walikosa IKK-beta, sehemu nyingine ya IKK, katika seli za ukuta, na walipotiwa kemikali za kuleta uvimbe na saratani, uvimbe haukupungua, ila vivimbe vya saratani vilipungua sana. Kumbe kinachoiokoa seli ya ukuta huiokoa hata ile iliyoanza kuharibika.

Rufaa mwisho wake Ijumaa. Barua nimeianza. Sentensi ya kwanza inasema jibu la binti yangu ni sahihi. Ya pili inaanza na "lakini", na tangu jana iko hapo.