Tumuulize Mzee Kwanza



Katika nchi za mbali kuna wazee wanaosaidiwa na roboti nyumbani. Huko Japani kuna Paro, yenye umbo la mnyama mdogo wa baharini na manyoya laini; wazee waliopoteza kumbukumbu huikumbatia na kutulia. Katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 2022, ofisi ya serikali ya mambo ya wazee ilitangaza kugawa zaidi ya mashini 800 ziitwazo ElliQ, zinazoongea na mzee anayeishi peke yake.

Wengi wetu husema: "Masikini hao! Sisi tuna watoto." Tujichunguze kabla ya kujisifu. Kuna nyumba, Kikula na Panda, ambamo anayemtunza nkambo ni mjukuu wa kike aliyeachishwa masomo. Anachota maji, anaosha nguo, anaamka usiku kumshika mkono. Nani alimuuliza? Tumemfanya mashini, naye ana roho.

Na nkambo mwenyewe, nani anamuuliza? Tunapokea feza zake na kuzipangia kazi. Tunaficha viatu vyake asitoke. Tunaongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao leo ni wazee. Hao hawahitaji kufundishwa kwamba neno "hiari" laweza kuandikwa kwenye karatasi na mtu asiwe na la kuchagua.

Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafia gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini ufunguo wa mlango wake ulikuwa mkononi mwa wengine. Sisi watoto wake tutamfungiaje mzee mlango na kuuita upendo?

Tumtazame Yesu mbele ya Bartimayo. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Bwana alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Basi roboti ni dhambi? Hapana. Fimbo na miwani pia ni vyombo vilivyotengenezwa na watu, na humrudishia mzee nguvu yake. Chombo kikimwezesha kwenda chooni bila kuita mtu, na mtoto akarudi shuleni, tumshukuru Mungu. Lakini kikiwekwa ili sisi tusifike tena kumsalimia, huko ni kumtupa mzee kwa njia ya umeme. Mkono wa mtoto na mkono wa chuma vinapimwa kwa kipimo kimoja: je, mzee ameulizwa? Akikataa, anasikilizwa?

Mtu atasema: "Akianguka je?" Tumweleze hatari wazi, tuweke mti wa kushikilia mlangoni, kisha tumwache achague. Akiisha kuwasha moto na kuusahau, hapo tutamzuia, maana nyumba ina watu wengine. Na hata aliyepoteza kumbukumbu anaweza kuulizwa madogo: avae kitambaa gani, akae juani au kivulini.

Upendo, Amri, Kazi. Upendo unauliza kwanza. Amri inatukataza kumdharau baba na mama. Kazi ni kutenda walichojibu. Leo, tukitoka ibadani, kila mmoja aingie kwa mzee wake, aketi, aulize, kisha anyamaze mpaka ajibiwe.

Mungu awabariki.