Wasikiliza Wimbo Gani, na Kwa Nini?

Mugunga ni mtaa wa Goma, upande wa magharibi wa mji, karibu na Ziwa Kivu. Umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotoka katika milima ya moto. Nyumba nyingi hapo ni za mbao, nazo zakaribiana sana. Mtu akifungua redio au simu yake, wimbo haukai kwake peke yake. Wapita katikati ya mbao, wavuka njia, wamfikia mgonjwa alalaye na mtoto asomaye. Katika makambi ya watu waliokimbia vita, yaliyojaa huko mpaka yalipoondolewa mwezi wa Februari 2025, ukuta ulikuwa turubai tu. Mwenye kupenda wimbo aliwasikilizisha majirani wote, wapende wasipende.

Basi jirani akimwuliza mwenziwe, "Wasikiliza wimbo gani huo, na kwa nini?", je, yampasa mwenziwe kujibu? Wengine watasema: La, masikio ya mtu ni mali yake, na furaha yake haidaiwi hesabu na mtu. Wengine watasema: Ndiyo, maana asiyeweza kueleza apendacho huenda ana jambo analolificha. Majibu yote mawili yana upungufu. Swali lenyewe ni dogo kwa sura, walakini ni zito katika nchi ambamo lugha ya wimbo hutangaza kabila la msikilizaji kabla hajafungua kinywa.

Kwanza yafaa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumshirikisha mtu wimbo ni jambo moja. Kumtwika wimbo ni jambo jingine. Kijana aongezaye sauti usiku hata kitanda cha jirani kikatetemeka hamshirikishi mtu kitu chochote. Anayeshirikisha hutoa kitu chenye mlango: mwenzake aweza kukipokea, aweza kukikataa, aweza kuuliza. Na swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni hilo la "kwa nini". Ndiyo sababu mwenye kujibu vizuri hutoa zawadi mara mbili.

Mfano upo katika Kongo yenyewe. Wazee wengi waujua wimbo "Indépendance Cha Cha" wa Joseph Kabasele na bendi ya African Jazz. Mtoto wa leo akiusikia husikia dansi tu, tena ya kizamani. Lakini mzee akimwambia kwamba wimbo huo ulitungwa Bruxelles mwezi wa Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji katika Mkutano wa Meza ya Duara. Kwamba watajwa ndani yake viongozi na vyama vilivyokuwapo. Na kwamba kabla mkutano haujafungwa tarehe 30 Juni ilikuwa imekwisha kuwekwa kuwa siku ya uhuru, hapo mtoto husikia jambo jingine katika sauti zile zile. Na mzee akiongeza, "Baba yangu aliucheza siku ile," mtoto hupata wimbo, na tena hupata babu. Gitaa halikubadilika hata uzi mmoja. Kilichoongezeka ni sababu ya mzee.

Walakini sababu zote hazina uzito sawa. Ile itolewayo upesi ni hii: "Ni mzuri." Nani atakana? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alilichunguza jibu hilo kwa ukali katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, yapata mwaka 400. Alikuwa amelia machozi kwa nyimbo za kanisa la Milano siku za kuongoka kwake. Baadaye alijiuliza: je, nilitikiswa na maneno yaliyoimbwa, au na utamu wa sauti tu? Kila alipoona kwamba sauti ilimshinda maneno, alijihesabia kosa, na pengine alitamani nyimbo zote tamu ziondolewe masikioni mwake. Kisha akayakumbuka machozi yale, akaona kwamba yalimfaa, akaelekea upande wa kuziacha nyimbo kanisani. Hakufunga shauri lake kwa nguvu. Mtu mwenye akili nyingi kama yeye alisitasita mbele ya wimbo, basi mkatekumeni asione haya akikawia kujibu. Jambo la kusifu kwa Augustino ni kwamba swali la "kwa nini" alijiuliza mwenyewe kabla ya kuwauliza wengine.

Sababu ya pili ni dhaifu zaidi, ijapokuwa ndiyo isikiwayo mara nyingi: "Wote wausikiliza." Hapo watu wa Goma hawana haja ya kwenda mbali kutafuta funzo, maana lilitokea ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa Julai 1993 redio iitwayo RTLM ilianza kusema katika Rwanda. Haikuanza kwa kuamuru mauaji. Ilipiga nyimbo za kupendeza, nyingine za Kongo, ikafanya mizaha, na vijana wakaipenda kuliko redio ya serikali iliyochosha. Wengi waliifungua kwa ajili ya muziki. Kati ya nyimbo ilikuwa ikipenyeza maneno ya chuki juu ya Watutsi, na ilipofika Aprili 1994 ilikuwa ikitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Aliyesema mwaka 1993, "Nafuata muziki tu," labda alisema kweli. Lakini hakujiuliza kwa nini muziki huo ulipigwa hapo, na nani, na kati ya maneno gani. Mwezi wa Julai 1994 watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka na kuingia Goma; wenye hatia na wasio na hatia walichanganyika, kipindupindu kikawaua wengi, na Mugunga ikawa mojawapo ya makambi yao makubwa hata Novemba 1996.

Yapo mambo mengine katika habari hiyo ambayo hayasimuliwi mara nyingi, nayo yastahili kusimuliwa. Mwimbaji Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa katika redio hiyo, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Tarehe 2 Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Lakini hakuhukumiwa kwa nyimbo. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani, mwisho wa Juni 1994, akiwachochea watu waue. Juu ya nyimbo zake majaji walisema kwamba zilitumiwa katika kueneza chuki. Ila haikuthibitishwa pasipo shaka kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji hayo, wala kwamba yeye ndiye aliyezitia redioni mwaka 1994.

Watu wengine walikasirika kwa hukumu hiyo, wakaona imepungukiwa. Walakini yatazamwe yaliyofanywa na majaji: hawakuusamehe wimbo, na hawakuudai kutoka katika wimbo ushahidi usioweza kuutoa. Walitenga wimbo, nia ya mtunzi, na kazi aliyoifanya mtumiaji. Ikiwa mahakama yenye mashahidi na miaka ya kuchunguza ilisita kuusoma moyo wa mtunzi katika nyimbo zake, jirani wa Mugunga ausomaje moyo wa msikilizaji kwa dakika moja, akiwa nje ya turubai?

Maana ndivyo inavyofanyika. Hapo hukaa watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Kalehe, na wenyeji wa Goma. Husemwa Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kihavu, Kitembo, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho sokoni. Wimbo wa Kinyarwanda ukisikika, kuna atakayesema, "Huyo yuko upande wa adui." Wimbo wa Kihunde ukisikika, mwingine atasema, "Huyo atuchukia." Basi mama hupunguza sauti, au huweka redio sikioni kama mtu aibaye, naye anasikiliza wimbo wa kubembelezea mtoto. Kwa mama kama huyo, swali la "kwa nini" ni hatari likiulizwa na mwenye kutafuta adui, na ni faraja likiulizwa na mwenye kutaka kujua. Maneno ni yale yale. Tofauti yatambulika upesi: mwenye kutafuta adui huuliza wimbo ukiwa bado katikati, wala hangoji jibu.

Yabaki neno juu ya yule asiyejibu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia makambi ya Lac Vert na Mugunga, yakaua watu wengi, na watoto miongoni mwao. Katika mahali pa namna hiyo wapo watu ambao wimbo mmoja ni kaburi lao la pekee, kwa sababu kaburi lenyewe liko mbali au halijulikani. Mtu wa namna hiyo hana deni la kueleza. Akisema, "Ni wimbo tu," amejibu kadiri awezavyo, wala hakusema uongo. Akisema, "Ulikuwa wa mdogo wangu," amesema mengi sana. Aliyeuliza hana budi kuacha maswali mengine hapo, kuketi, na kuusikiliza mpaka mwisho, hata kama hajui neno moja la lugha yake.