Hukumu ya Mwenye Kuonyesha Shabaha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, limeulizwa suala hili: mwenye kupiga vita kutoka mbali, asiyemwona amwuaye, je, dhima yake ni nyepesi kuliko ya mwenye upanga? Na yule asiyepiga kabisa, bali huonyesha tu pa kupiga, je, ana dhima yoyote?

Watu wa Ikwiriri na delta ya Rufiji hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja ikazama, kisha ikajificha ndani ya delta, nyuma ya mikoko, isionekane kutoka baharini. Waingereza wakaleta ndege, wakazirusha kutoka Mafia, kisiwa walichokiteka Januari 1915. Tarehe 6 Julai 1915 ndege ilitupa mabomu yasiipate. Na manowari mbili, Severn na Mersey, zikaingia mtoni zikapiga mizinga zaidi ya mara 600, na iliyofika ni michache mno. Tarehe 11 Julai zikarudi. Angani walikuwa Cull, mrushaji, na Arnold, mwangalizi, akipeleka habari kwa simu ya upepo kila kombora lilipoanguka. Ndege yao ikapigwa, mashine ikaharibika. Na huku wanashuka Arnold hakuacha kuelekeza, hata wakaanguka mtoni wakaokolewa. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Ushujaa wao haukanushwi. Lakini Arnold hakufyatua mzinga hata mmoja, na waliofyatua hawakuiona shabaha. Basi ni nani aliyepiga?

Mwangalizi atasema: mkono haukuwa wangu. Mpiga mzinga atasema: jicho halikuwa langu. Hivyo kila mmoja humtupia mwenziwe dhima, ikawa watu wamekufa na hapana aliyeua. Kauli hii ni batili. Wanazuoni wa fikihi wamepambanua baina ya atendaye kwa mkono wake na asababishaye. Lakini kupambanua si kufuta. Mbele ya Mola kila mmoja ataulizwa sehemu yake.

Wala si kila kupiga kutoka mbali ni haramu. Imepokewa kwamba manjaniki ilitumika katika kuuzingira mji wa Taif, mwaka wa 8 wa Hijra, na jiwe la manjaniki halichagui. Kwa ajili hiyo wanazuoni wakaweka masharti: haja iwe ya kweli, na wanaokusudiwa wawe ni wenye kupigana. Naye Seyyidna Abubakar alipotuma jeshi Sham aliusia wasiuawe wanawake, watoto wala wazee, wala isikatwe miti yenye matunda. Imamu Shafi aliruhusu miti kukatwa kwa haja ya vita, kwa hoja ya mitende ya Banu Nadhir. Lakini nafsi za wasiopigana si miti.

Königsberg ilikuwa chombo cha vita bila shaka. Hata hivyo, makombora yaliyokosa yaliangukia nchi yenye wakulima wa mpunga na wavuvi, wasio na ugomvi na London wala Berlin. Na jambo la daraja ni zito zaidi, maana manowari ni ya askari, bali daraja hupitiwa na wengi. Novemba 1944 ndege kubwa za mabomu zililishambulia daraja la reli la Tamarkan, katika Siam, na mizinga iliyolilinda. Mabomu mengine yakaangukia kambi iliyokuwa kando yake, yakawaua mateka wa upande wa warushaji wenyewe. Na atakayesimama kwenye Daraja la Mkapa, karibu na Ikwiriri, lililofunguliwa mwaka 2003, atawaona wavukao: mgonjwa, mwanafunzi, mchuuzi wa samaki.

Basi jawabu ni hili: asiyeona huenda akawa na udhuru, lakini aonaye udhuru wake umepungua. Mwenye kuonyesha shabaha ni shahidi, na shahidi haifai afiche nusu ya alichokiona. Akimwona adui, aseme. Akiwaona watoto kando ya adui, aseme vilevile, na kinywa kilichosema "pigeni" kiseme "acheni". Akinyamaza hali anajua, damu ile ina sehemu shingoni mwake, japo mkono wake ni mkavu.

Wala hukumu hii si ya askari peke yao. Mwenye kuipeleka habari ya jirani yake kwa mwenye nguvu, hali ajua itakalofuata, naye ameonyesha shabaha.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi na macho ya waja wake. Wallahu aalam.