Pumzi Tunayoisahau na Jiko Tunaloliingiza Chumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeturuzuku pumzi kabla hatujajua kuiomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

 Niliombwa niandike juu ya adabu za mwanafunzi kwa mwalimu wake. Nimewaomba radhi wahariri, maana kuna jambo lililotupata mwezi wa Aprili, mimi na mwenzangu wa chumbani, na nikilinyamazia nitakuwa nimewanyima nasaha.

Mnaijua mvua ya Aprili huku kwetu Uganda mashariki. Siku ile ilianza baada ya Asr na haikukatika. Tulipika maharage kwenye sigiri pale barazani, na tulipomaliza mkaa ulikuwa bado mwekundu. Mwenzangu akasema, "Sheikh, moto wote huu tuuache nje uzimike bure na baridi hii?" Mimi ndiye niliyelibeba jiko nikaliingiza ndani. Mimi ndiye niliyefunga dirisha na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo. Nataja hivyo kwa sababu katika kusimulia nimewahi kusema "tuliingiza", na si kweli.

Usiku niliamka kwa haja ndogo. Kichwa kilinigonga, na miguu ilikuwa kama si yangu. Nilifika mlangoni, nikaufungua, nikaanguka kizingitini. Nilimwita mwenzangu, hakuitika. Majirani ndio waliomtoa nje. Alitapika sana, akapelekwa hospitali akawekewa oksijeni. Alhamdulillah, yu hai na mtihani anafanya.

Wiki ile nilimwendea ndugu yetu mmoja anayesoma udaktari, nikamuuliza: mbona hatukukohoa? Mbona hatukuhisi kukabwa? Jibu lake lilinifanya niitazame pumzi upya.

Tukiwa tumetulia, tunavuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila mara karibu nusu lita ya hewa. Kwa siku moja zinakaribia au kupita pumzi 20,000, na hata moja hatukuinuia. Msuli wa kiwambo, ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka, kifua kikatanuka, hewa ikaingia. Hupita kwenye koo la hewa, ambalo hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena na tena, hadi mwisho kabisa kwenye vifuko vidogo mno vya hewa. Vifuko hivi ni mamilioni mamia kadhaa. Vyote vikitandazwa eneo lake ni kama mita za mraba 70, yaani sakafu ya msikiti mdogo wa kijijini, imekunjwa ndani ya kifua chako.

Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi sana, na upande wa pili wake unapita mshipa mwembamba wa damu. Hapo ndipo mabadilishano yanapofanyika. Oksijeni iliyo nyingi kwenye kifuko huvuka kuingia kwenye damu ambako ni chache. Kabonidayoksaidi, taka ya mwili, ambayo ni nyingi kwenye damu, huvuka kuja kwenye kifuko ili itolewe. Chembe nyekundu ya damu hukaa hapo chini ya sekunde moja tu, nao huo ni muda wa kutosha. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Tunayotoa ina kama asilimia 16.

Katika kozi yetu ya historia ya elimu tulimsoma Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Cairo, faqihi wa madhehebu ya Imam Shafi. Mwaka 1242 aliandika kwamba damu haivuki ukuta wa katikati ya moyo kama walivyofundisha wa kale, bali hupita kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Ni fahari yetu, lakini tusimzidishie. Hakuijua oksijeni, hiyo ilikuja kutambuliwa karne ya 18. Na niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda: ile aya ya Surat al-An'am, ya kifua kubana kama cha mtu anayepanda mbinguni, tumeigeuza somo la fizikia kwenye kila mhadhara, na tumesahau kwamba inazungumzia moyo unaokataa uongofu.

Nirudi kwenye sigiri. Oksijeni ikishavuka, hubebwa na himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Nayo huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakaa kwenye kiti cha mwenyewe na haiondoki. Kifua kinatanuka vizuri, mapafu ni mazima, damu inazunguka, lakini haina mzigo.

Na kwa nini hatukuhisi? Kwa sababu kinachotufanya tuhangaike tukibana pumzi ni hasa kuzidi kwa kabonidayoksaidi, si kupungua kwa oksijeni. Chumbani mwetu tulikuwa tunaendelea kuitoa hiyo taka kama kawaida, basi mwili haukupiga kelele. Kuna kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Aliyelala huzidi kulala. Akitolewa nje, damu huchukua saa nne au zaidi kupunguza nusu tu ya sumu ile. Akipewa oksijeni safi, ni kama saa moja na ushei. Ndiyo maana hospitali ni lazima, hata kama mgonjwa ameshaanza kuzungumza.

Nilipokuwa nikisimulia haya, ndugu mmoja aliniambia, "Ajali ni qadar ya Allah, ungekufa ungekuwa umeandikiwa." Qadar naiamini. Lakini Abu Musa (R.A.) amepokea, na ipo kwa Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wamo. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, hakuishia kusema wameandikiwa. Alisema kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha uzimwe tunapolala. Hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, na jiko nililibeba mwenyewe.

Tena Amr bin al-Aas (R.A.), katika msafara wa Dhat as-Salasil, aliamka na janaba usiku wa baridi kali. Akaogopa kwamba akioga atakufa, akatayamamu, akaswalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipomhoji, alitoa hoja ya aya ya Surat an-Nisaa inayokataza kujiua. Mtume akacheka, hakumlaumu. Ikiwa josho la faradhi lilisamehewa kwa kuilinda nafsi, sisi tulikuwa na udhuru gani, na blanketi zipo?

Sasa sigiri yetu inalala barazani, na makaa tunayamwagia maji kabla ya Isha. Dirisha tunaliacha wazi kidogo hata mvua ikinyesha. Godoro langu huloa pembeni. Wenzetu wa vyumba vya ghorofa ya chini, ambao hawana baraza, tumewaambia wapikie kwetu. Wiki iliyopita nilipita koridoni saa nne usiku, nikasikia joto la mkaa chini ya mlango wa mtu. Nilibisha hodi hadi akafungua. Alikasirika kidogo, kisha akalitoa jiko.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.