Kanga na Dhamana ya Mvaaji

Kanga haina mkono wala kola, na kwa sababu hiyo huvaliwa kwa namna nyingi. Hufungwa kifuani, huzungushwa kiunoni, hutandwa kichwani ikawa ushungi. Humbeba mtoto ikawa mbeleko, huviringwa ikawa kata chini ya ndoo ya maji. Umbo hubadilika, lakini pindo, mji na jina hubaki vile vile.

Hapo ndipo penye swali. Majina ya kanga, yaliyoandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi, mengine ni ya dua, mengine ya kusuta. Jina la kusuta likiviringwa ndani ya kata halimgusi mtu. Likitandazwa mgongoni mbele ya mlango wa jirani, humchoma. Akiulizwa, mvaaji hujibu kwamba amevaa nguo tu. Je, jawabu hilo lamtosha?

Lamtosha aliyetunukiwa doti, au aliyependa rangi asijue kusoma. Lakini aliyeichagua dukani kwa jina lake, akachagua na siku ya kuivaa na njia ya kupitia, huyo amekwisha kusema, ijapokuwa hakufumbua kinywa. Nguo haikumchagulia mtindo. Yeye ndiye aliyeipa.

Uhuru wa kuvaa utakavyo, basi, una dhamana yake. Na kwa kuwa kanga haikatai kukunjwa, asiyekusudia kuumiza ana njia: akunje ukingo kwa ndani, jina lisitiriwe.